Kuficha maradhi ya maiti: Ni sitara au ni dhulma kwa muoshaji?

ILIKUWA mwezi Februari mwaka 2021, mara tu baada ya Swala ya Alfajiri, nilipopigiwa simu kwamba kuna msiba katika mtaa mmoja wa mlimani hapa Mwanza na kwamba wanahitajika watu wa kuosha maiti. Wanaoujua mji huu wanajua nyumba zetu za mlimani zilivyo. Njia ni ya kupita katikati ya mawe, gari haifiki, na jeneza hushushwa kwa mabega ya vijana hadi barabarani. Tulipanda watu watatu: mimi, kijana mmoja wa madrasa, na mzee mmoja fundi cherehani ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini ndiye aliyekuwa akiongoza kazi ya kuosha maiti katika msikiti wetu. Mimi chuo kikuu nilisomeshwa hukumu za jeneza kwenye vitabu, lakini namna ya kumgeuza maiti bila kumdhalilisha nilifundishwa na fundi cherehani.

Tulipofika tukapewa mkono wa pole na kuelezwa kwa maneno machache kuwa marehemu alipandwa na presha usiku, akafariki hata kabla ya kupelekwa hospitali. Tukasema Inna lillahi wainna ilayhi rajiun, tukaingia. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa. Katika kona ya chumba palikuwa na kitu kirefu kimefunikwa kanga. Kijana alipokuwa akisogeza beseni ile kanga ikateleza, na wote watatu tukaona mtungi wa oksijeni. Mwanamume mmoja wa pale nyumbani akairudisha kanga haraka. Hakuna aliyesema neno. Mzee akaomba maji, akasema Bismillahi, akaanza kazi.

Siku kumi na moja baadaye mzee akaanza homa na kukosa pumzi. Alikuwa na sukari ya muda mrefu. Hakumaliza wiki.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba mzee yule alipata maradhi yake katika chumba kile. Huenda aliyapata kwenye daladala, au sokoni, au msikitini, maana siku hizo ugonjwa ulikuwa kila mahali. Mimi sijui. Na kwa hakika hilo neno "sijui" ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu sikupaswa kutojua. Tungeweza kuambiwa. Na mimi mwenyewe, baada ya kuuona ule mtungi, nilikuwa na ulimi wa kuuliza na sikuuliza. Nilijiambia kuwa ni adabu. Niliona kuuliza ni kuwavunjia watu heshima wakiwa katika uchungu wao. Kisha siku ya kumzika mzee wetu nikasimama mbele ya kaburi kutoa mawaidha, nikasema kuwa ndugu yetu amefariki kwa "maradhi ya ghafla". Watu wakaitikia. Kila mmoja pale alijua nina maana gani, na hakuna aliyejua lolote.

Swali la kujiuliza ni hili: Je, kuyaficha maradhi ya marehemu kwa wale wanaokuja kumuosha ni sitara ambayo Uislamu umeihimiza, au ni dhulma?

Wenye kutetea kuficha wana hoja, na hoja yao ina asili katika dini. Mtume (SAW) amefundisha kuwa mwenye kumsitiri Muislamu, Allah (SW) atamsitiri. Na juu ya muoshaji maiti hasa, zimepokewa riwaya zinazomuahidi msamaha mkubwa yule anayemuosha maiti kisha akayaficha aliyoyaona. Hata mzee wetu kila alipomaliza kazi alikuwa akitukumbusha sisi vijana: yaliyomo chumbani yanabaki chumbani. Kwa hiyo familia inaposema "presha" badala ya kusema kilichotokea, wengi wetu tunaona inafanya wema ule ule.

Lakini tutazame vizuri. Sitara iliyotajwa ni ya muoshaji kwa maiti. Muoshaji akiona alama mbaya, au kilema, au jambo ambalo marehemu angechukia lionekane, analinyamazia. Hapo anayefichwa ni mtu wa nje asiyehusika, na anayefichiwa aibu ni maiti. Sasa wapi imesemwa kuwa na muoshaji naye afichwe? Huyu si mtu wa nje. Huyu ndiye anayetia mkono. Na la pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni lini maradhi yamekuwa aibu?

Historia yetu iko wazi katika jambo hili. Mwaka wa 18 Hijria tauni iliyojulikana kwa jina la Amwas ilipiga nchi ya Sham, ikawachukua Swahaba wakubwa, akiwamo Abu Ubayda bin Jarrah, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, na Muadh bin Jabal, ambaye alisifiwa kwa ujuzi wake wa halali na haramu. Wanahistoria wa Kiislamu hawakuandika kuwa Abu Ubayda alifariki kwa presha. Waliandika tauni, wakaandika na mji ulikoanzia. Mtume (SAW) alikwishafundisha kuwa Muislamu anayekufa kwa tauni ana daraja ya shahidi. Vipi leo mtoto afiche jambo ambalo huenda likawa ni cheo cha baba yake?

Na kabla ya hapo, wengi tunakikumbuka kisa cha Sayyidna Umar (RA) alipokuwa safarini kwenda Sham akarudi njiani kwa sababu ya tauni hiyo hiyo. Masheikh hukisimulia sana kisa hiki wanapozungumzia qadar, kwa sababu Abu Ubayda alimuuliza Umar iwapo anaikimbia qadar ya Allah, naye akamjibu kuwa anaikimbia qadar ya Allah kuiendea qadar ya Allah. Jibu lile ni zuri na linastahiki kurudiwa. Lakini kuna sehemu ya mwanzo ya kisa ambayo tunaipita haraka. Umar alijuaje kuwa Sham kuna tauni? Alijua kwa sababu makamanda wa majeshi, na Abu Ubayda mwenyewe akiwa miongoni mwao, walitoka wakaja kumlaki mahali paitwapo Sargh wakamwambia. Abu Ubayda hakukubaliana na uamuzi wa kurudi, lakini habari hakuificha. Lau wangesema "tusimtie hofu Khalifa," watu wale wangeingia moja kwa moja kwenye maradhi, na ijtihadi yote ya Umar isingekuwa na pa kuanzia.

Sisi tulifundishwa vingine. Ikumbukwe kuwa mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na kwa wiki kadhaa Serikali ilikuwa ikitoa idadi. Takwimu za mwisho za Tanzania Bara zilitoka Aprili 29, 2020, na hesabu ya nchi nzima ikabaki wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo kimya. Mei 3, 2020, hapo Chato, ng'ambo tu ya ghuba yetu, Rais Magufuli alieleza kuwa sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri na majibu yakasema zina Korona, na hivyo vipimo haviaminiki. Mwezi Juni akatangaza kuwa maombi yamejibiwa na ugonjwa umeondoka.

Nataka niwe muadilifu. Woga wa marehemu Rais kwamba watu watafungiwa ndani wafe njaa haukuwa wa kupuuzwa. Mama lishe wa Mabatini na mchuuzi wa dagaa wa mwaloni Kirumba hawana akiba ya wiki mbili, sembuse miezi miwili, na waliokuwa wakitushauri tufunge kila kitu wengi wao walikuwa na mishahara. Vilevile kuhimiza dua si kosa hata kidogo. Kosa ni kudhani kuwa kutotia watu hofu na kutowaambia watu ni kitu kimoja. Imam Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye alifiwa na mabinti zake kwa tauni na akaandika kitabu kizima kuhusu maradhi hayo, alirekodi kuwa mwaka 833 Hijria watu wa Cairo walifunga siku tatu kisha wakatoka kwa pamoja jangwani kuomba. Kabla ya hapo waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika arobaini, na haukupita mwezi wakazidi elfu moja kwa siku. Hakuwa mtu wa kudharau dua, naye ni Amirul Muuminina katika fani ya Hadithi. Lakini alihesabu, na akaandika alichokihesabu.

Basi nambari ziliponyamaza huko juu, majina nayo yakanyamaza huku chini. Kila aliyeishi Mwanza mwanzoni mwa mwaka 2021 anakumbuka msamiati wa wakati ule: "nimonia kali," "kifua," "changamoto ya upumuaji". Tulikuwa tukizika kwa mfululizo na kila mmoja alikuwa na changamoto. Watu walipiga nyungu, wakanywa tangawizi na malimau, wakatundika ndoo za maji kwenye milango ya misikiti. Yaani tulijua. Vitendo vyetu vilikuwa vya watu wanaojua, na ndimi zetu zilikuwa za watu wasiojua. Wataalamu wanaotafiti elimu, mitazamo na vitendo vya jamii wakati wa maradhi hudhani mara nyingi kuwa tatizo ni mtu kujua kisha asitende. Kwetu ilikuwa kinyume. Tulitenda, lakini kwa kujificha, kila nyumba na nyungu yake chini ya blanketi lake.

Wala hili halikuanzia na Korona. Ukimwi ulipogundulika mara ya kwanza nchini mwaka 1983, ulikuwa mkoani Kagera, upande wa magharibi wa ziwa hili. Watu kule waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivuka mpaka kibiashara wakati huo. Ulipotufikia huku tukaupa majina mengine: ngoma, umeme, kukanyaga miwaya. Yalitafutwa majina yote ili lisitajwe moja. Na waliokuwa wakiwauguza na kuwaosha wagonjwa wale, aghlabu mama na dada zao, hawakuambiwa wavae hata mfuko wa nailoni mkononi, kwa sababu kuwaambia kungekuwa ni kutaja.

Hapa yapo maelezo ya kitaalamu ambayo Waislamu tunapaswa kuyafahamu, kwa kuwa yanabadilisha hukumu. Maradhi hayafanani. Kwa upande wa Korona, wataalamu wa afya walieleza tangu mwaka 2020 kuwa maiti akioshwa kwa tahadhari za kawaida si hatari kubwa, kwa sababu hakohoi, haongei wala hapumui. Hatari kubwa ilikuwa kwa walio hai: wale waliomuuguza, waliokuwa katika chumba kile kilichofungwa dirisha, waliokaa bega kwa bega kwenye mikeka siku tatu. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba siku ile mlimani tulikuwa tukimuogopa (kimoyomoyo) asiyeogopewa, na tukapeana mikono na kunong'onezana masikioni na wale ambao tungepaswa kukaa nao mbali kidogo.

Lakini virusi vya Marburg ni kinyume chake. Machi 21, 2023 Serikali ilitangaza kuwa maradhi yaliyokuwa yakiua watu Bukoba Vijijini, katika kata za Maruku na Kanyangereko, ni Marburg. Mtu wa kwanza kuugua alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, humu humu ziwani mwetu. Kutoka kwake yakapita kwa jamaa waliomuuguza, na miongoni mwa waliofariki alikuwemo mhudumu wa afya. Virusi hivi vinakaa kwenye damu, matapishi na majimaji ya mwili, na mtu akifa havifi naye. Kumuosha maiti wa Marburg kwa mikono mitupu, kumminya tumbo taratibu kama tunavyofundishwa, ni kuyakaribisha mauti. Alhamdulillahi, waliougua hawakuzidi tisa, wakafariki sita, na Juni 2 mwaka huo mlipuko ukatangazwa kumalizika. Jina lilitajwa, waliokuwa karibu na wagonjwa wakatafutwa na kuangaliwa kwa siku 21, na meli za kutoka Bukoba kuja kwetu hazikutuletea msiba. Januari 2025 ugonjwa huo huo ukathibitishwa tena mkoani humo, safari hii Biharamulo, na ukaondoka na watu kumi. Na wenzetu wa Uganda wana somo chungu zaidi: wakati wa Ebola ya mwaka 2022 huko Kassanda, jamaa walimfukua ndugu yao aliyekwishazikwa na wataalamu ili wamfanyie taratibu za mazishi za dini, na maradhi yakasambaa kupitia tendo hilo la mapenzi.

Sasa sharia inasemaje? Imam Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madh-hebu ya Shafii tunayoifuata wengi katika Afrika Mashariki, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Al-Majmuu kwamba maiti ambaye akioshwa mwili wake utaharibika, au ikahofiwa madhara kwa muoshaji, haoshwi bali hutayamamishwa. Zaidi ya karne saba zilizopita! Kabla mtu yeyote hajajua kirusi ni kitu gani, fiqhi yetu ilikwishauweka uhai wa muoshaji kwenye mizani na kuupa uzito. Wanazuoni wa zama zetu wakaenda mbali zaidi katika maradhi ambayo hata kumgusa maiti kwa tayamamu ni hatari. Wakazi wa Mwanza hatuhitaji mifano ya mbali ili kulielewa hili. Ajali ya MV Bukoba ya Mei 21, 1996 ilituletea miili iliyoharibika kiasi cha kutotambulika, ikazikwa Igoma kwa namna iliyowezekana. Nani anathubutu kusema kuwa Mola wao atawauliza kwa nini hawakuogeshwa mara tatu kwa karafuu maiti?

Kwa hiyo rukhsa ipo. Lakini mlango wa rukhsa hii una ufunguo mmoja tu, nao ni kujua. Muoshaji hawezi kuhofia asichoambiwa. Hawezi kuchagua kati ya maji na tayamamu, kati ya glovu na mikono mitupu, kati ya kufungua dirisha na kulifunga, ikiwa ameambiwa presha. Familia inapoficha, inakuwa imemfungia ndugu yao Muislamu mlango ambao Allah (SW) alimfungulia.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne alinifundisha jambo hili kwa njia ambayo sikuitarajia. Tulikuwa tukisoma mlango wa biashara, tumefika kwenye kasoro za bidhaa. Nikawaeleza kisa cha Mtume (SAW) kupita sokoni, akatia mkono wake kwenye rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu ndani, akamkemea muuzaji kwa kuficha chini kilicholowa, akasema kuwa mwenye kughushi si miongoni mwetu. Binti yule akanyoosha mkono: "Ustadh, kama mtu akiuza hata kuku mgonjwa ni lazima aseme, mbona nyumbani babu alipokufa tuliambiwa tusiseme?" Darasa likanyamaza. Nikamwambia kuwa tutalizungumza kipindi kijacho, jambo ambalo sisi walimu husema tukishindwa.

Nilichokwenda kukisoma usiku ule ni mlango wa ghiba katika Riyadhus Salihin. Nawawi huyo huyo ametaja hali ambazo kumtaja mtu kwa asilolipenda huruhusiwa, na mojawapo ni kuwatahadharisha Waislamu na madhara. Miongoni mwa dalili zake ni habari ya Fatima bint Qays (RA), aliyeposwa na Muawiya na Abu Jahm akaja kumtaka ushauri Mtume (SAW). Mtume akamwambia wazi kuwa mmoja hana mali na mwingine fimbo haimtoki begani. Zote mbili ni sifa ambazo mwenyewe asingependa zitajwe. Lakini zilitajwa, kwa sababu huyu mwanamke ndiye aliyekuwa akienda kuingia katika nyumba hiyo. Na angalieni jinsi zilivyotajwa. Aliambiwa yeye. Hazikutangazwa juu ya mimbari siku ya Ijumaa.

Hapo ndipo naona ufumbuzi wa wale wanaosema kuwa ugonjwa ni siri ya mgonjwa. Ni kweli ni siri yake. Mtaa hauna haki ya kujua, kikundi cha simu hakina haki, na wala mimi kwenye kipaza sauti sina haki. Watu watatu wanaoingia chumbani wanayo. Aliyemuuguza anayo. Tumechanganya mambo mawili, kuutangazia mji na kumwambia muoshaji, na kwa kuogopa la kwanza tukalihini la pili.

Ipo hoja nyingine ambayo ni nzito kuliko zote, nayo sina jibu lake jepesi. Tukisema ukweli, watu watakimbia, na maiti atakosa wa kumuosha. Haya si maneno ya kubuni. Mwaka 2020 picha za mazishi ya usiku, watu wachache waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni, zilizunguka kwenye simu zetu zote, na kila mtoto aliyefiwa aliogopa baba yake azikwe hivyo. Wenye nyumba walifichiwa salamu, maduka yao yakakwepwa. Familia ile ya mlimani haikuificha habari kwa ubaya. Ilificha kwa sababu ilitujua. Walijua tungefanya nini lau wangesema. Kwa hiyo lawama ninayowatupia inanirudia, na inaurudia msikiti wangu.

Hata hivyo, nikimfikiria mzee wetu, hoja hii inanishinda kuikubali mpaka mwisho. Mzee yule alikuwa mtu wa namna ambayo, lau angeambiwa wazi kuwa huyu ana Korona, nina yakini kubwa kuwa angeosha vile vile. Angefunga kitambaa puani, angeomba dirisha lifunguliwe, huenda angemwambia yule kijana atoke nje abaki mwenyewe. Na pengine angesema kwa sukari niliyonayo, ustadh, leo ongoza wewe. Hatutajua, kwa kuwa uamuzi ulifanywa kwa niaba yake na watu waliodhani wanamlinda marehemu wao. Mtu anayeingia kwenye hatari kwa kujua ana nia. Anayeingizwa bila kujua amechukuliwa tu. Thawabu ziko kwa Allah wala mimi si mgawaji, lakini katika haki za kibinadamu, tulimnyima mzee nafasi ya kuwa shujaa, na tulimnyima vilevile nafasi ya kukataa.

Wengine watasema kuwa wakati ule hata familia haikujua, kwani vipimo havikuwa vikipatikana kirahisi. Ni kweli kwa wengi. Lakini si lazima mtu awe na cheti cha maabara ndipo aseme alichokiona. Alikuwa na homa siku ngapi, alikuwa akikohoa, pumzi ilimpotea lini, alitoka damu wapi, nani mwingine nyumbani anaumwa. Haya kila mwenye mgonjwa anayajua. Kinachotakiwa ni ushahidi wa macho, na hukumu ya ugonjwa waachiwe madaktari.

Na wale wanaodhani kuwa kulitaja jina kunamshusha marehemu, nawakumbusha mwezi ule ule wa Februari 2021. Mwishoni mwa Januari chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza waziwazi kuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, anaumwa Korona, yeye na mkewe. Nchi nzima ilikuwa ikinong'ona, nyumba moja ikasema. Februari 17 akafariki. Alizikwa kwao Mtambwe, Pemba, na umati uliomlilia siku ile hakuna asiyeujua. Heshima yake ilipungua wapi?

Katika msikiti wetu tulichelewa. Ilituchukua hadi habari za Bukoba za mwaka 2023 ndipo tukakaa na kukubaliana kuwa kabla maji hayajateguliwa, mmoja wetu atamchukua mfiwa pembeni na kumuuliza kwa upole, na jibu lolote atakalotoa halitavuka mlango. Tukanunua glovu, aproni za plastiki na barakoa, vikawekwa kwenye sanduku moja na sanda. Mwanzoni baadhi ya wazee waliona tunaleta mambo ya hospitali katika ibada. Wengine bado wanaona hivyo.

Mwezi uliopita tuliitwa nyumba moja. Nikamtoa mtoto wa marehemu nyuma ya ukuta, nikamuuliza. Akatazama chini kwa muda, kisha akasema: "Ustadh, mama alikuwa na TB. Dozi alikuwa hajamaliza." Nikamshukuru. Akaniuliza kama nitalitaja hilo makaburini. Nikamwambia hapana. Tuliporudi ndani, yule kijana wa madrasa wa siku ile, ambaye sasa ndiye anayegawa kazi, alikuwa amekaa mlangoni akisubiri. Nikamnong'oneza. Akainuka, akafungua madirisha yote mawili, akatoa barakoa kwenye sanduku akawapelekea akina mama waliokuwa wakijiandaa kuosha.